Puli ya Sabini na Nne

“Sitini na mbili, Malimi. Nilikwambia sitini na mbili, nikarudia, nikakuandikia kiganjani kwa kalamu. Hii ni nini?”

“Ni puli.”

“Naona ni puli. Nakuuliza ukubwa.”

“Umeshapima, Mama Annet. Vernia ya kupimia unayo mkononi.”

“Sabini na nne.”

“Basi ni sabini na nne.”

Niliibwaga juu ya meza ya chuma. Mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa gereji akichambua maharage, aliinua kichwa, akatutazama, akarudi kwenye ungo wake. Alikuwa anasikiliza. Mama hachambui maharage gerejini kwangu Buhongwa kwa sababu ya mwanga.

“Leo ni Alhamisi,” nilisema. “Mbio ni Jumamosi. Toka Buzuruga mpaka hapa umebeba kitu ambacho unajua sikukiagiza.”

“Najua.”

“Kwa hiyo si makosa.”

“Mimi sikosei milimita kumi na mbili.”

Hapo alikuwa anasema kweli. Malimi alikuwa na mashine ya kukereza vyuma nyuma ya stendi ya Buzuruga, na mafundi wa mji mzima walimpelekea kazi zao ngumu. Hakuwahi kukosea hata nusu milimita. Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Mtu akikosea, unamsamehe. Huyu alikaa mbele ya mashine yake, akafikiri, akaamua.

Supachaja ni pampu ya hewa. Unaifunga ubavuni mwa injini, mkanda unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe. Puli ndiyo inayotoa amri. Puli ndogo, pampu inazunguka kwa kasi na gari linaruka. Puli kubwa, pampu inatulia, gari linakwenda vizuri lakini haliruki.

Mimi nilitaka liruke.

Nilikuwa nimekusanya vifaa kwa miezi saba. Supachaja yenyewe niliitoa kwenye Benzi iliyogongwa nyuma, ikauzwa vipandevipande. Kikalio chake nilikikata kwenye chesesi ya Fuso chakavu, nikakichomelea mwenyewe. Bomba la hewa lilikuwa la sailensa ya Noah, nimelipinda kwa mchanga na moto. Mkanda niliupima kwanza kwa kamba, nikapita njia yote ya puli hadi puli, ndipo nikaenda dukani, maana mkanda ukishafunguliwa haurudishwi. Kila kitu kilikuwa kwenye daftari langu, na kila kilipopatikana nilikiwekea alama. Kitu kimoja tu nilikikata kwa wino mwekundu: nozeli kubwa za kupulizia petroli. Bei yake ilikuwa ada ya Annet ya muhula mzima. Nozeli zikabaki za kiwandani.

“Hewa ikizidi hivyo, petroli haitafika,” Malimi alisema. Alisema polepole, kama mtu anayeongea na ng'ombe aliyeshtuka. “Injini itachemka ndani. Pistoni itatoboka. Unalijua hili kuliko mimi.”

“Nalijua. Ndiyo maana uamuzi ni wangu.”

“Hii Grande ni gari la marehemu baba yako.”

“Kwa hiyo ni yangu.”

“Kwa mbio moja?”

“Dakika nne. Kutoka chini ya machimbo mpaka juu. Ikifika juu, ifie huko huko, nitairudisha kwa kamba nikiimba.”

“Na ikifia kona ya tatu? Oili ikamwagika chini ya tairi lako mwenyewe?”

Niliokota spana, nikaitundika ukutani.

“Jumatatu Annet ataendaje shule?”

“Kwa miguu. Mimi nilikwenda kwa miguu mpaka darasa la saba, na sikufa.”

“Koku.”

Aliniita hivyo mara chache. Mbele ya watu nilikuwa Mama Annet. Koku, kifupi cha Kokuberwa, ilikuwa ya siku zile tulipokuwa tumeinama juu ya injini moja, vichwa vinakaribia kugusana, hakuna anayekumbuka kilichokuwa kinatafutwa. Alikuwa na macho yasiyo na haraka. Vumbi la chuma lilikuwa limemwingia kwenye nyusi, na kwenye mwanga wa mlango liling'aa. Nilitazama pembeni. Mwanamke mwenye hasira hapaswi kutazama nyusi.

“Nilifuata—” alianza.

“Ulifuata nani? Nani mwingine anaamuru kwenye injini yangu? Sikiliza, Malimi. Nilishawahi kuwa na mwanaume aliyefanya mambo ya injini nyuma ya mgongo wangu. Unajua alinifikisha wapi. Yeye aliniharibia kwa ubaya, wewe unaniharibia kwa huruma, lakini mgongo ni huu huu.”

Aliichukua puli, akaipangusa kwa shati lake mahali nilipoibwaga, akairudisha mezani taratibu.

“Basi nimekosa,” alisema. “Si kwenye milimita. Kwenye kukuficha. Nitarudi Buzuruga nikakuchongee sitini na mbili. Saa kumi na mbili utakuwa nayo.”

“Nenda.”

“Nilikwambia,” mama alisema kutoka kigodani, hakusema na mtu yeyote hasa. “Mtu asiye na cheti utampa kazi ya vipimo?”

“Shikamoo mama,” Malimi alimwambia, kwa mara ya pili siku hiyo.

“Marahaba,” mama alijibu, kwa mara ya kwanza.

Malimi alishawahi kutuma salamu za kutaka wazee wake waje kuniposa. Mama alizikataa akiwa amesimama. Alisema kwao Bujora wanahesabu ng'ombe, kwetu Muleba tunahesabu watu. Alisema mimi nina diploma na marehemu Muganyizi, baba yake Annet, alikuwa mwalimu, kwa hiyo siwezi kushuka ngazi. Na katika miezi yote ambayo Malimi alikuwa akiingia gerejini na nyumbani, mama hakuwahi kumsogezea kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna anachotembea nacho kila mahali. Kwetu, mgeni asiyepewa kahawa anajua alivyopokelewa. Malimi alijua. Aliendelea kuja.

Alikuwa ameshika mpini wa pikipiki yake tuliposikia gari likikata kona kutoka barabara ya Shinyanga.

Nililijua kabla sijaliona. Altezza nyeupe. Projest.

Nieleze hapa, kwa kifupi, maana sipendi kulirudia. Projest alikuwa mchumba wangu. Tulifungua gereji pamoja, tena kubwa, yenye winchi na kompyuta ya kupimia. Mzee Shigela, mwenye mabasi, alituletea injini tuifungue na kuifunga upya. Projest alilipwa hela ya pampu mpya ya oili. Aliila, akarudisha ile ya zamani. Basi lilikufa injini katikati ya safari, abiria wakalala porini na watoto. Shigela alipokuja amefura, Projest alimwambia injini ile ilifungwa na mimi. Kwa wiki moja mji wote wa mafundi ulikuwa unaniita Muua Injini. Wiki ya pili, Projest alinitumia ujumbe wa simu: hawezi kuoa jina lililoharibika. Alipofungasha, alichana ukurasa kwenye daftari langu, ule wa mpango wa supachaja niliokuwa nimeuandika miezi mingi kabla.

Miaka miwili sasa. Tangu hapo nabadilisha oili na kufunga breki. Hakuna aliyeniletea injini.

Ndiyo maana nilitaka Jumamosi. Wangekuwapo wote pale machimbo nyuma ya Kisesa, mafundi, wenye magari, Shigela mwenyewe anayetoa kikombe. Nilitaka wamwone Projest kwenye kioo changu cha nyuma, akipungua.

Altezza iliingia uani, ikasimama. Hakuizima. Alishuka amevaa shati lililopigwa pasi.

“Ma,” alimwita mama, akamwamkia kwa Kihaya, akapiga magoti nusu, akiangalia suruali isiguse oili.

Mama aliangaza uso mzima. Aliweka ungo chini, akakifungua kikapu, akamsogezea. Projest akachukua buni mbili, akazitafuna kwa adabu. Malimi alikuwa bado amesimama pale na mpini wa pikipiki. Hakuondoka.

“Koku, hujambo.”

“Mama Annet,” nilisema.

“Sawa. Mama Annet. Nimesikia na wewe umefunga supachaja. Ya Benzi.” Alicheka kidogo. “Umejitahidi. Na hilo bomba, ni la Noah?”

“Umekuja kutazama bomba?”

“Nimekuja kwa amani. Mimi na wewe tumetoka mbali. Hata Ma anajua. Hebu nikuulize kitu cha kitaalamu.”

“Kwa Muua Injini?”

“Hayo yalipita.”

“Yalipita juu yangu.”

Alitafuna. Kisha akaingiza mkono dirishani mwa gari lake, akavuta waya wa kupandishia mafuta aliokuwa ameufunga pale kwa majigambo, injini ikapanda. Wengine wangesikia ngurumo nzuri. Mimi nilisikia kitu kingine chini ya ngurumo. Kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye sufuria, moja moja, halafu kwa wingi, halafu moja moja.

Injini ilikuwa inagonga.

Niligeuka bila kutaka, nikakutana na macho ya Malimi. Naye alikuwa amesikia.

“Unaona?” Projest alisema. “Nguvu ipo. Jana nimepanda nayo, nikahisi kama inataka kuruka angani. Ila inatoa kamlio. Nimewauliza vijana wangu wanasema ni petroli mbaya ya hivi karibuni. Wewe unasemaje?”

“Puli yako ni ngapi?”

Alipangusa boneti kwa kiganja.

“Sitini na mbili,” alisema.

“Umeipata wapi hiyo namba?”

“Namba ni namba. Hazina mwenyewe.”

Hapo nikaelewa, nikahisi ubaridi unashuka mpaka miguuni, na baada ya ubaridi, kitu kitamu sana. Nitakuwa mkweli: kitamu.

Mimi naandika upande mmoja tu wa karatasi. Nilijifunza chuoni, kwenye karakana, maana mikono yetu ina oili, na oili ikipenya inakula maandishi ya nyuma. Kwa hiyo jambo langu moja linaweza kuchukua karatasi mbili. Projest aliishi na mimi miaka mitatu, hakuwahi kuligundua. Alichana karatasi ya kwanza, akageuza nyuma, akaona peupe, akadhani mpango umekwisha. Karatasi ya pili, yenye masharti, ilibaki kwenye daftari.

Alikuwa amefunga nusu ya mpango wangu. Ile nusu inayoua.

“Ni petroli, eh?” aliuliza tena.

Neno moja tu. Ndiyo. Ningesema ndiyo, weka ile ya bei ya juu, kamlio kataisha. Angeshukuru. Angetafuna buni nyingine ya mama yangu, angeondoka. Jumamosi, mbele ya Shigela, mbele ya kila aliyeniita Muua Injini, pistoni ingetoboka, na mji ungepata muuaji mwingine wa kumcheka. Nisingegusa hata bolti yake moja. Mtu hashitakiwi kwa neno petroli.

Nilifungua mdomo niseme.

Nilimtazama Malimi. Nadhani nilitaka anizuie, ili nimkasirikie. Alikuwa amechukua tambara, anafuta mikono iliyokuwa tayari safi. Alinitazama moja kwa moja, na hakutikisa kichwa, hakukunja uso, hakusema kitu. Muda mfupi kabla nilikuwa nimemwambia uamuzi ni wangu. Sasa alikuwa ameniachia, wote, na uzito wake. Sijawahi kutazamwa hivyo na mwanaume. Niliona ni afadhali angenizuia.

Kona ya tatu pale machimbo ina mawe makubwa upande wa kulia, na watu hupenda kukaa juu yake. Mwaka jana niliona mama mmoja pale na mtoto mgongoni, anamenya karanga. Oili ikimwagika kwenye kona ile, Altezza haiendi kushoto.

Na tena kuna hili. Maiti haina aibu. Nilitaka Projest awe hai, mwenye afya, na masikio yote mawili.

“Zima gari,” nilisema.

“Kwa nini?”

“Zima, Projest.”

Alizima. Uwanja ukanyamaza. Niliingia ndani, nikatoka na daftari, nimelishika kifuani limefungwa.

“Ulichana karatasi moja. Zilikuwa mbili.”

Uso wake ulibadilika kidogo tu, pembeni mwa mdomo.

“Sijachana—”

“Kamlio hako si petroli. Ni injini inavyovunjika kutoka ndani. Jana imekuvumilia. Jumamosi haikuvumilii. Dawa yake nimeiandika, iko hapa, karatasi ya pili.”

“Nipe niione.”

“Nakuuzia.”

“Kiasi gani?”

“Simu moja. Kwa Mzee Shigela. Unaweka sauti ya nje, hapa, mbele ya mama. Unamwambia pampu ya oili ya basi lake nani aliirudisha ya zamani.”

Mama aliinua kichwa. Alikuwa ameshika harage moja, akalishika muda mrefu.

“Pampu gani?” aliuliza.

“Ma, haya ni mambo ya zamani ya mafundi,” Projest alisema haraka. “Huyu ana hasira tu.”

“Ninazo,” nilikubali. “Nyingi. Zingine nimeweka akiba. Unapiga, hupigi?”

“Nikikataa?”

“Utapanda Jumamosi na nusu ya mpango. Mimi nimeshakwambia, na shahidi yupo. Sitakuwa na dhambi.”

“Shahidi huyu?” Alimwangalia Malimi kuanzia viatu. “Mchunga ng'ombe?”

“Ndiyo,” Malimi alisema kwa upole. “Na ng'ombe akikohoa hivyo, kwetu hatumpandishi mlima.”

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Projest aliangalia gari lake. Alikuwa fundi mbaya lakini hakuwa mjinga. Niliona anavyosikiliza tena kichwani ule mlio wa mahindi, na safari hii aliusikia kama ulivyo. Alitoa simu. Aliitazama kama imemng'ata. Akapiga.

Iliita mara nne.

“Haloo.”

“Mzee Shigela, shikamoo. Ni Projest.”

“Marahaba. Jumamosi umejiandaa, kijana wangu? Nimeshaambia watu kikombe ni chako.”

“Mzee, kuna jambo. Lile basi lako. Lililokufa injini.”

“Usinikumbushe. Bado nalipa laana za abiria.”

Projest alinigeukia. Macho yake yaliniomba. Zamani macho yale yaliniyeyusha mpaka nikasahau kula. Nilimtazama kama ninavyotazama plagi iliyoungua, kujua tu tatizo lilianzia wapi.

“Pampu ya oili,” alisema. “Ile uliyonilipia. Sikununua. Nilirudisha ya zamani.”

Upande wa pili kulisikika redio na mtu anafagia.

“Rudia,” Shigela alisema.

“Mimi ndiye niliyerudisha pampu ya zamani. Kokuberwa hakujua.”

“Miaka miwili,” sauti ya mzee ilikuja chini sana, “nimemsema mtoto wa watu kwenye kila meza niliyokaa. Nimewakataza watu wasimpe kazi. Msibani nimemsema. Yuko hapo?”

“Yupo.”

“Mpe simu.”

Projest alininyooshea. Niliiangalia simu, sikuipokea. Nilikuwa nimeota maneno ya kumwambia mzee yule usiku mwingi, na yote yalikuwa yamepangwa vizuri.

“Mwambie,” nilisema kwa sauti ya kusikika, “aliponisema alinisema hadharani. Gereji yangu iko Buhongwa, geti la bluu. Aje kwa miguu yake.”

Shigela alisikia. Alipumua. “Nitakuja,” alisema, akakata.

Mama aliinuka. Magoti yake yanamsumbua, kwa hiyo aliinuka kwa hatua, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Alitembea mpaka kwenye boneti ya Altezza, ambako Projest alikuwa ameweka kikapu cha kahawa. Alikichukua. Alikifunga kifuniko. Hakusema Kihaya wala Kiswahili. Akarudi kigodani, kikapu kikiwa mapajani.

Nadhani hiyo ilimuuma Projest kuliko simu.

“Nipe karatasi,” alisema.

Mimi sivunji mapatano. Nilifungua daftari, nikatafuta. Palikuwa na kovu la karatasi iliyochanika, na baada yake ile ya pili, ina doa la oili pembeni, mwandiko wangu wa siku ambazo sikuwa na chuki na mtu. Sikuwa nimeisoma tangu alipoondoka. Sikuhitaji kuisoma, nilidhani naikumbuka. Sasa niliisoma ili nihakikishe namuuzia kitu kizima.

Sitini na mbili ni kwa nozeli kubwa tu, niliandika. Kama nozeli ni za kiwandani, puli isipungue sabini na nne. Bila hayo, usiwashe kabla ya kuondoa mkanda.

Nilisoma mstari wa katikati tena. Nikaangalia meza ya chuma. Nikaangalia puli iliyopanguswa kwa shati.

Sikumwangalia Malimi. Sikuweza bado.

Nilichana karatasi ile taratibu, nikampa Projest. Aliisoma akisogeza midomo.

“Nozeli kubwa haziji kabla ya wiki mbili,” alisema.

“Haziji.”

“Na puli nyingine—”

“Mchongaji yupo pale. Mwombe.”

Alimwangalia Malimi. Malimi alikunja tambara lake mara mbili, akaliweka mfukoni. “Nina foleni,” alisema.

“Kwa hiyo nimepiga simu ile,” Projest alisema, “ili niambiwe niondoe mkanda.”

“Ulipiga ili ubaki hai. Na Jumamosi uje hivyo hivyo, bila supachaja. Usinikimbie. Nataka nikushinde ukiwa mzima, unajua jina lako na langu.”

Nilimpa spana mwenyewe. Alilegeza mkanda wake palepale uani kwetu, shati lake jeupe likaingia oili mkono wa kulia, na hakuna aliyemletea tambara. Altezza iliondoka inasikika kama gari lolote la kwenda sokoni. Hakumuaga mama. Labda alijua asingejibiwa.

Nilibaki nimesimama na daftari.

“Ulisoma lini?” nilimuuliza Malimi.

“Uliniachia daftari nichongee bolti za kikalio. Likafunguka hapo. Nikaona mwandiko wako.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilianza. Nilisema nilifuata. Ulinikatiza.”

“Ungerudia.”

“Kwako? Mara ya pili?”

Mama alitoa sauti kutoka puani ambayo, kwa mtu mwingine, ningesema ni kicheko.

“Ulipaswa kuniambia kabla ya kuchonga,” nilisema. “Si baada.”

“Ni kweli.”

“Usirudie.”

“Sitarudia.”

“Na mimi,” nilisema, “nilikuwa tayari kuua gari la baba yangu. Na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia ni petroli. Umeona.”

“Nimeona ulivyoufunga.”

Alisema hivyo tu. Alikuwa amesogea, au mimi nimesogea. Nilisikia harufu yake ya chuma kilichokatwa na sabuni ya kipande. Nilitamani kuweka paji la uso wangu kwenye bega lile, pale uani, mchana, mama akitazama. Nilikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo nilisema:

“Nipe spana kumi na nne.”

Alinipa. Niliichukua puli ya sabini na nne, nikaivalisha kwenye mhimili wa supachaja. Iliingia kwa ulaini, bila nyundo, bila kulazimishwa. Nikafunga bolti. Malimi alivuta mkanda upande wa chini, mimi nikauvalisha juu, vidole vyetu vikakutana kwenye mpira, hakuna aliyeondoa vyake haraka. Niliingia garini, nikawasha.

Grande ya baba ilikohoa mara moja, ikashika. Nikapandisha mafuta. Supachaja ilitoa mluzi mwembamba, safi, na chini ya mluzi nilisikiliza kwa makini, nimefumba macho. Hapakuwa na mahindi. Nikapandisha tena. Hakuna.

Nilizima, nikashuka.

“Malimi. Toa simu.”

“Nampigia nani?”

“Baba yako, Bujora. Mwambie wazee waje Jumapili baada ya misa ya pili. Weka sauti ya nje. Leo hapa watu wote wanaongea kwa sauti ya nje.”

Alinitazama kwa muda, vumbi la chuma likimng'aa kwenye nyusi. Kisha akamwangalia mama.

Mama alikuwa ameinamia ungo wake. “Unaniangalia nini?” alisema. “Umeambiwa piga.”

Malimi alipiga. Simu ikiwa bado inaita, nilienda kigodani, nikainama, nikachukua kikapu mapajani mwa mama. Alikishikilia. Nilivuta kidogo. Alishikilia kidogo tena, ili ijulikane, kisha akaachia. Nilimfungulia Malimi kifuniko. Alichukua buni moja, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama anavyopokea mtu aliyelelewa vizuri popote pale.

“Haloo,” sauti ya mzee ilisema kutoka Bujora. “Malimi? Kuna nini?”

Malimi hakuweza kujibu, alikuwa ametia kahawa mdomoni.

“Tafuna kwanza,” mama alimwambia. “Usimeze kama dawa.” Kisha akainyooshea mkono simu ile. “Lete. Niongee na mwenzangu.”